Tangi limejaa, mshale unasema nusu: omu 30 zimejificha wapi?

*Shikamoo fundi. Nipo Morogoro, nina Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini ya EFI. Nikijaza tangi mpaka shingoni, mshale wa mafuta unaishia nusu. Njiani unaanguka hadi E, nikipita kwenye tuta unarudi. Taa ya mafuta haijawahi kuwaka, hata siku gari lilipoishiwa nikakwama Chalinze. Geji ya joto haina shida. Fundi wa kwanza alinifungia dashibodi nyingine ya mtumba, tatizo likabaki vilevile. Wa pili anasema tangi lishushwe na pampu ibadilishwe. Naomba ushauri kabla sijatoa hela tena.*

Marahaba dada yangu, na pole kwa Chalinze. Tangi lisishushwe kwanza, na pampu muiache ilipo. Gari linawaka, linavuta, linakwenda Dar na kurudi. Pampu haina kesi hapa. Kesi ni ya omu 30 hivi za ukinzani wa umeme zilizoingia mahali zisipotakiwa, na kazi yetu ni kujua zimekaa wapi.

Hizo omu nimezitoa kwenye barua yako mwenyewe. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya petroli, limeshikiliwa na mkono wa waya mgumu. Mkono ukipanda na kushuka, kidole chembamba cha chuma kilicho upande wa pili kinateleza juu ya ukanda wa ukinzani. Umeme unatoka kwenye fyuzi, unapita kwenye geji, unashuka kwa waya mmoja hadi kwenye boya, unapita kwenye ule ukanda, kisha unaishia kwenye ethi, yaani bodi ya gari. Geji yenyewe haijui petroli ni nini. Inachojua ni kwamba umeme umepita kirahisi au kwa shida.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, tangi likijaa boya linasoma karibu omu 3. Likiwa nusu linasoma 30 na kitu. Likiisha linasoma karibu 110. Kwa hiyo ukinzani mdogo maana yake F, ukinzani mkubwa maana yake E, na waya ukikatika kabisa mshale unalala E. Waya ukichunika ukagusa bodi, mshale unaganda F, na mwenye gari anatamba kwamba gari lake halili mafuta mpaka limzimikie katikati ya barabara. Usichukue kanuni hii ukaipeleka kwenye kila gari. Maboya mengi ya kampuni ya VDO ya Ulaya ni omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa, kinyume kabisa, na magari mengi ya Kimarekani ya GM ya zamani ni 0 kwa tupu na 90 kwa kujaa. Fundi akikwambia "waya ukikatika mshale unashuka", anasema kweli kwa Corolla yako, lakini huenda akalipoteza gari la jirani.

Sasa rudi kwenye dalili zako. Tangi limejaa, kwa hiyo boya linatakiwa liseme omu 3. Mshale unasema nusu, maana yake geji inaona 30 na zaidi. Kuna omu 25 hadi 30 zimeongezeka njiani. Kuanguka hadi E na kurudi kwenye tuta kunasema kuna mguso uliolegea: ukiachia, njia inakatika, gari likitikisika, unagusa tena. Yote mawili ni ugonjwa mmoja, mguso mbaya ambao wakati mwingine unapitisha kidogo na wakati mwingine haupitishi kabisa.

Dashibodi tumeshaifuta kwenye orodha. Imebadilishwa na mshale umeendelea kusema uongo uleule; dashibodi mbili tofauti haziwezi kufundishana uongo. Na kama hukuirudishiwa ile ya zamani, kaidai. Ile ndiyo yenye kilomita halisi za gari lako. Hiyo uliyofungiwa inahesabu safari za gari la mtu mwingine, na siku ya kuuza utapata kazi ya kueleza. Fyuzi nayo imepona. Geji ya joto na ya mafuta kwa kawaida hulishwa na fyuzi moja iliyoandikwa GAUGE, na geji yako ya joto inafanya kazi.

Tunabaki na waya unaokwenda nyuma, soketi ya juu ya tangi, boya lenyewe na ethi ya boya. Hapo ndipo taa yako ya mafuta inapotoa ushahidi. Kwenye Toyota za enzi hizo taa haimsikilizi mshale. Ina kidude chake kidogo chini ya boya kinachobadilika ukinzani kwa joto. Kikiwa ndani ya petroli kinapozwa, ukinzani wake ni mkubwa, taa haiwaki. Petroli ikishuka kikabaki hewani, umeme unakipasha, ukinzani unaanguka, taa inawaka. Taa na mshale kila mmoja ana waya wake wa kushuka, lakini kwa kawaida wanarudi kwa ethi moja. Kwako vyote viwili vimekataa. Kama glopu ya taa ni nzima, mshukiwa wangu wa kwanza ni hiyo ethi wanayochangia.

Utauliza, kama ethi ni mbovu mbona pampu inafanya kazi? Umeuliza vizuri. Pampu inakula ampea kadhaa. Ingekuwa inapita kwenye omu 25 isingezunguka hata kidogo. Kwa hiyo ubovu hauko kwenye njia ya pampu. Uko kwenye waya mwembamba wa boya peke yake, ama kwenye pini yake ndani ya soketi, ama pale unapofungwa kwenye bodi. Waya mwembamba ndio unaooza kimyakimya kwa sababu hakuna kitu kikubwa kinachozimika ukiugua.

Basi tupime. Jaza tangi kabisa kabla ya kupima, halafu subiri mafuta yapungue kabla ya kufungua. Watu wengi hufanya kinyume. Tangi likijaa, jibu sahihi linajulikana: omu 3 hivi, hakuna ubishi. Tangi likiwa na mafuta ya kukisia, namba yoyote utakayosoma utabaki unajiuliza.

Egesha nje, mahali penye upepo, funguo imezimwa, hakuna sigara wala jiko karibu, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu na si ndani ya buti. Kalio la kiti cha nyuma linatoka kwa kuvutwa juu upande wa mbele, pale linaposhikwa na vibanio. Chini yake kuna kipande cha bati kimefunika tundu. Kabla ya kugusa chochote, futa na pulizia vumbi lote lililolala hapo. Vumbi la barabara zetu likidondokea ndani ya tangi litakuletea ugonjwa mwingine usiokuwa nao. Bati likitoka utaona soketi ya nyaya. Ichomoe kwa kubonya ulimi wake, usivute nyaya. Mabomba ya petroli usiyaguse kabisa, yana mgandamizo.

Itazame hiyo soketi kwenye mwanga wa mchana. Nimefungua nyingi, na ugonjwa mara nyingi huonekana kwa macho kabla mita haijatoka kwenye mfuko: pini moja ina ukoga wa kijani kama wa sarafu ya zamani, au imepoteza rangi kwa joto, au imerudi nyuma kidogo ndani ya plastiki kiasi kwamba ikichomekwa inagusa kwa ncha tu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopenda kurudi kwenye matuta.

Kisha chukua mita ya kidijitali, weka kwenye omu. Gusisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe kwanza, ikisoma 0.5, hiyo ni ya mita, utaitoa kwenye kila jibu. Pima upande wa tangi kati ya pini ya geji na pini ya ethi ya boya. Zile mbili za nyaya nene ni za pampu, ziache. Ukisoma 3, 4 au hata 6, boya ni zima na hizo omu 30 ziko nje ya tangi. Hakuna kushusha kitu. Ukisoma 30 na zaidi wakati tangi limejaa, boya lenyewe ndilo lenye ukaidi. Namba ikirukaruka huku mtu anatikisa gari, hali kadhalika.

Upande wa gari sasa. Soketi ikiwa bado imechomolewa, geuza funguo mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Mshale unatakiwa ulale E. Tafuta waya wa geji kwa kupima volti: kwenye Toyota nyingi za wakati huo pampu haipati umeme mpaka injini izunguke, kwa hiyo utakaokuta na umeme ni wa geji au wa taa ya mafuta. Zima funguo, unganisha huo waya kwenye ethi safi ya bodi kupitia glopu ndogo ya dashibodi, ile ya wati 3.4, halafu washa tena. Viungo vyote vifungwe vikiwa mbali na tundu la tangi, na swichi iwe ile ya funguo tu, maana cheche ndogo juu ya mvuke wa petroli haihitaji mwaliko. Glopu inatakiwa iwake na mshale uanze kupanda kuelekea F. Ukiwaka mwanga wa taa ya mafuta badala ya mshale kupanda, umeshika waya wa taa. Si hasara, umeshajua kwamba glopu yake haijaungua.

Kwa nini glopu na si kipande cha waya mtupu? Glopu inazuia umeme usipite bila breki. Ukikosea ukashika waya mwingine, utaona mwanga mahali ambapo ungeona moshi.

Na hapa subira, tafadhali. Geji nyingi za Toyota zina mafuta mazito ya silikoni ndani yake ili mshale usitikisike kila gari linapokata kona. Unapanda taratibu, kama mzee anayepanda ngazi. Nimeona mafundi wakigusisha waya sekunde moja, wakaachia, wakasema "geji imekufa". Ukigusisha, kaa dakika nzima, ikibidi mbili. Nashuku dashibodi yako ya kwanza ilihukumiwa namna hiyo, kama ilipimwa kabisa.

Mshale ukipanda, waya wote wa kutoka mbele hadi nyuma ni mzima. Ukikataa kupanda, tatizo liko kati ya kiti cha nyuma na dashibodi, na sehemu za kutazama ni soketi nyuma ya geji na vile viskurubu vinavyoshika geji kwenye karatasi yake ya nyaya. Vikilegea, kuvikaza tu kunaponya. Kwako sitarajii hilo.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachoamini kitakata shauri. Pima omu kati ya pini ya ethi ya boya, upande wa gari, na bodi iliyokwanguliwa rangi. Inatakiwa iwe chini ya omu 1. Kama mita itakwambia 25, tumekutana naye. Thibitisha hivi: funguo ikiwa imezimwa, rudisha soketi, ingiza pini nyembamba kutoka nyuma ya soketi mpaka iguse chuma cha waya wa ethi, iunganishe kwa waya mpya hadi kwenye boliti safi ya bodi mbali na tundu, kisha washa funguo. Mshale ukitoka nusu ukatembea taratibu hadi F, funga kiti, umemaliza uchunguzi.

Dawa yake haizidi bei ya chakula cha mchana. Fuata waya wa ethi mpaka unapofungwa, fungua boliti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma kiwe cheupe, weka kichwa kipya cha waya kilichobanwa kwa koleo sawasawa, kaza, halafu paka grisi juu ili maji yasirudi. Usisokote waya juu ya waya ukafunga utepe mweusi. Nusu ya kazi ninazopokea ni utepe mweusi wa mtu mwingine. Kama ubovu ni pini ndani ya soketi, isafishe kwa dawa ya kusafishia migusano ya umeme na uibane kidogo ili ishike.

Kuna ndugu yake huyu ugonjwa ambaye wasomaji wengine watamtambua. Ethi ikiwa mbovu kidogo tu, tuseme omu 1, na boya linaichangia na taa za nyuma, basi ukikanyaga breki usiku mshale wa mafuta unashuka, ukiachia unapanda. Nilipewa Hilux ya namna hiyo ambayo mwenyewe aliamini breki zinakula mafuta. Taa zake za breki zilikuwa hafifu, na hakuna aliyeziunganisha hizo dalili mbili.

Sasa tuseme nimekosea na boya ndilo limesoma 30. Bado tangi halishuki. Kwenye gari lako boya linafikika kwa juu. Endesha mpaka yabaki mafuta kidogo, toa mgandamizo kwa kuchomoa umeme wa pampu na kuacha injini izunguke mpaka ijizimie, fungua mfuniko wa tangi, toa waya wa hasi wa betri. Hapo mwite fundi mwenye mkono mtulivu. Chombo kilichobeba boya kikitoka, kishikwe na kizungushwe polepole ili mkono wa boya usipinde ukingoni mwa tundu. Mkono ukipinda kidogo tu, mshale utasema uongo mpya maisha yake yote.

Tazama kile kidole na ukanda wake. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando wa kahawia kama chai iliyokaukia kikombeni. Huo pekee unaweza kuongeza omu nyingi. Safisha kwa ile dawa ya migusano na kitambaa laini, au kifutio cha penseli kwa wepesi. Msasa ni marufuku: ukanda mwingine ni waya mwembamba kama unywele umezungushwa, ukipita na msasa umeukata. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, limetoboka, linazama, na mshale hautafika F kamwe. Boya la shaba lililotoboka usilichomelee; lina mvuke wa petroli ndani na ni bomu dogo. Nunua lingine.

Ukienda kununua la mtumba, iwe Kariakoo Gerezani au hapo Morogoro, nenda na mita. Kabla ya kulipa, shika ncha zake, pandisha mkono kutoka chini hadi juu polepole. Namba itiririke kutoka 110 na ushee hadi 3 bila kuruka wala kupotea. Ikipotea hata mara moja, rudisha. Muuzaji asipokuruhusu kupima, bei yake si ya kweli. Na lazima litoke kwenye AE100 kama yako: boya la Toyota nyingine laweza kuwa na omu zilezile lakini mkono wa urefu tofauti, maana matangi hayafanani kina.

Kwa wenye Land Rover za zamani wanaosoma jibu la dada yetu: kwenu, kama geji ya mafuta na ya joto zimeanza kusema uongo pamoja, zote juu au zote chini, msifungue tangi. Geji hizo za kampuni ya Smiths hupokea umeme uliopunguzwa hadi karibu volti 10 na kidude kimoja nyuma ya dashibodi. Kikikosa ethi, zote mbili zinapanda kupita kiasi. Kikifa, zote zinalala.

Mpaka utakapopima, dada, usiuamini mshale hata ukionekana kuwa mwema. Tangi la Corolla hiyo ni lita 50. Jaza, sifurisha kile kihesabu kidogo cha safari, na ujazo unaofuata gawanya kilomita kwa lita ulizoweka. Ukipata, mfano, kilomita 12 kwa lita, basi lita 40 ni kilomita 480. Mimi ningerudi sheli kwenye 400. Zile lita 10 za mwisho usizichezee, si kwa ajili ya Chalinze tu. Pampu yako imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli hiyohiyo. Ukizoea kuendesha na tone, utainunua kweli ile pampu ambayo leo nimekwambia usinunue.

Ukishapima, niandikie namba mbili: omu za boya tangi likiwa limejaa, na omu za ethi hadi bodi. Nikiwa nazo nitakwambia ukwangue boliti au ufungue boya.